Skrini Nyeusi Siku ya Kumzika Ojera

Mimi ni askari polisi. Nimemnyang'anya mlevi panga mchana kweupe, nimesimama mbele ya watu wenye mawe na sikurudi nyuma, na wezi wa simu pale kituoni kwetu wakisikia tu sauti yangu kwenye korido wanaanza kukiri hata ambayo hawajaulizwa. Basi mnisikilize vizuri ninaposema kwamba kitu kilichonishinda maishani ni monita ya kompyuta. Monita! Kitu cha mezani, hakina mkono wala mguu. Kilinishinda mbele ya baba yangu mzazi, na mpaka leo nikipita hapo kilipo nakitazama kwa chuki.

Naitwa Lakica. Nilizaliwa kambini, kambi ya polisi, katika zile nyumba za bati za duara ambazo jua likiwaka mnaiva wote humo ndani. Baba yangu, Sajini Meja Oola, ni Mwacholi. Mama yangu, marehemu Bushira, alikuwa Mnubi wa Bombo. Wangeongea nini kingine kama si Kiswahili? Tuliamshwa kwa Kiswahili, tukachapwa kwa Kiswahili, tukaombewa dua ya Mama na sala ya Baba kwa hicho hicho. Baba alipostaafu alijenga vyumba vyake Kyebando, hapa Kampala, akahamia humo na amri zake zote. Mpaka leo ukichelewesha chai anakuuliza, "Sajini, uko likizo?" Mimi mtu mzima, nina tepe zangu begani, lakini mlangoni kwake navua kofia.

Sasa lazima niwaambie habari ya sahani, maana bila sahani mtaona nalialia bure.

Kaka yangu Kidega alichukuliwa wakati wa vita vya kaskazini. Alikuwa amekwenda kwa bibi, shule zimefungwa. Miaka ikapita, vita vikapoa, akaja kijana mmoja aliyetekwa pamoja naye, akakaa sebuleni kwetu, akasema, "Kidega alifia ng'ambo ya mpaka. Nilimwona kwa macho yangu." Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akampa maji. Kijana alipotoka, Baba akamgeukia Mama: "Mtengee Kidega chakula." Tangu siku ile iko sahani ya bati yenye ukingo wa bluu. Kila jioni inapakuliwa, inafunikwa, inawekwa juu ya kabati. Asubuhi chakula kinakwenda kwa mbwa wa jirani. Padri alikuja kumsihi aache, shehe wa ukoo wa Mama akaja. Wapi! Baba ana neno moja tu: "Polisi haandiki kifo cha mwili ambao hakuuona."

Na si kichaa, msije mkadhani. Mama alipofariki, wakiwa wameshamvika sanda, Baba aliomba afunuliwe uso. Akamtazama kwa muda mrefu. Akalia mbele ya watu wote, mzee mwenye mabega yale, kisha akasimama mguu sawa na kupiga saluti. Basi, ikawa imekwisha. Hajawahi kumtengea Mama sahani hata siku moja. Baba yangu yuko hivyo: akiona, anazika. Asipoona, anangoja.

Ndipo Ojera akafa.

Ojera ni mdogo wake Baba, tumbo moja, ndugu wa pekee aliyekuwa amebaki. Aliishi kijijini upande wa Kitgum, huko kaskazini, na mbuzi wake. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Na habari ile ilimkuta Baba ametoka tu hospitali ya Mulago kupasuliwa jicho. La kulia lilishakufa zamani, la kushoto ndilo lililobaki, na daktari, binti mpole sana, alikuwa amenitazama mimi badala ya mgonjwa akasema, "Barabara yenye mashimo hapana. Vumbi hapana. Asitikisike, asiiname. Mkicheza, jicho hilo mtalikosa." Sasa kutoka Kampala mpaka kwetu ni kutikiswa tangu alfajiri hadi jioni.

Baba akainuka. Akavaa viatu. Mimi nikasimama mlangoni.

"Toka," akasema.

"Sitoki, Mzee."

"Utanifunga pingu?"

"Ikibidi."

Sijawahi kumkatalia baba yangu amri. Yeye aliniangalia kwa jicho lile lenye kikinga cha plastiki mpaka nikatamani nitoke nimpishe aende zake. Mwishowe alikaa akavua viatu. Akasema taratibu, "Basi nionyeshe uso wake. Nikiuona, nitatulia."

Mzigo huo akanitwika mimi.

Kwetu uso wa maiti haupigwi picha. Wazee wa kijijini waliposikia habari ya video walikataa katakata. Komakech, mtoto mkubwa wa Ojera, aliwabembeleza mpaka sauti ikamkauka, ndipo wakakubali kwa shingo upande: kabla jeneza halijapigwa misumari, simu ielekezwe usoni, kaka amwone mdogo wake moja kwa moja, mara moja, na kisibaki chochote ndani ya simu. Nikasema sawa, mara moja inatosha. Mimi nani wa kuongeza?

Tatizo likawa jicho. Nilimpa Baba simu yangu, akaisogeza mpaka kwenye nyusi. "Naona mwanga," akasema. Mwanga tu. Jicho lile lilitaka kitu kikubwa. Televisheni yetu ni ile ya kichogo, matundu yake hayapatani na kitu chochote cha siku hizi. Lakini nina laptopu. Skrini yake ilipasuka ilipoanguka kutoka juu ya kabati, ukiiwasha inaonyesha madoa ya wino na mistari, kwa hiyo naitumia kwa kuiunganisha na monita kuukuu niliyopewa na watu waliokuwa wanahama ofisi. Waya wa monita na tundu la laptopu havijuani, basi katikati nikaweka adapta ndogo nyeupe niliyoipata soko la Kikuubo. Siku moja kabla ya mazishi nikampigia Komakech kwa video, nikamvutia Baba kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo.

Baba akakodoa jicho. Akasogeza kichwa kushoto, kulia.

"Komakech," akasema, "umefuga ndevu."

Banange! Nilitoka nje nikajipangusa machozi kwa kanga. Anaona! Baba anaona! Niliporudi ndani nikamkuta amekunja uso.

"Lakini huyu mtoto mbona amekuwa hivi? Uso umetandazwa kama chapati."

Kweli. Picha ilikuwa imevutwa huku na huku, watu wote wafupi na wanene, na kila kitu kina ukungu. Mimi nilishazoea, nasoma barua zangu hivyo hivyo. Baba akagusa kioo kwa kidole.

"Ojera alikuwa na uso mwembamba," akasema. "Kesho asije hivi. Sitamjua."

Mnaona tatizo lilipokuwa limeshika? Si kwamba picha haipo. Picha ipo, lakini si uso wa mtu, na baba yangu hatakubali uso asioujua.

Asubuhi ya mazishi nikaenda senta, penye maduka, kwa Hippolyte. Ni fundi wa simu na kompyuta, Mkongomani wa Bukavu, mtu mtaratibu ambaye hata umeme ukikatika anasema asante kwanza. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Ni ukubwa wa picha, Maman. Haulingane na kioo. Kazi kidogo sana. Niko na mashini ya mtu hapa, nikimaliza nakuja, mbele ya saa nane."

"Mazishi ni saa tisa."

"Nitakuwa nimeshafika. Lakini Maman," akanyoosha kidole, "usifinye kintu."

Kufinya kwao ni kubonyeza. Nikacheka nikamwambia nimeelewa, sitafinya.

Baba alikuwa amevaa suti. Amenyoa. Nishani zake mbili ziko kifuani, kikinga cha jicho kinang'aa, amekaa mbele ya monita wima kabisa kama vile anasubiri kukaguliwa. Adhuhuri haijapita sana simu yangu ikalia. Komakech.

"Dada, huku mawingu yamekuja vibaya. Na Padri ana mazishi mengine ng'ambo ya mto. Wanaanza sasa."

"Sasa lini?"

"Sasa hivi. Sala ikiisha wanafunua, halafu wanafunga."

Nikaunganisha video yake kwenye laptopu, kisha nikampigia Hippolyte kwa simu. Simu inaita tu. Nikapiga tena. Inaita. Baba amekaa palepale, kwenye monita watu wafupi wanene wanapita chini ya hema, wengine nawafahamu lakini siwatambui. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ya panga. Nikajiambia, Lakica, fundi amesema mwenyewe ni kazi kidogo sana.

Nikaingia kwenye setingi. Nikakuta orodha ya namba za ukubwa wa picha, mbili mbili, ndogo chini na kubwa juu. Iliyokuwa imechaguliwa ilikuwa ya chini. Ahaa! Ndiyo maana tunaonekana maskini, nikasema. Mtu akitaka picha nzuri anachagua ndogo? Nikapanda mpaka ile ya juu kabisa, nikabofya.

Skrini ikawa nyeusi.

Nyeusi tii. Kisha kikatokea kisanduku kidogo chenye maandishi ya Kizungu, kikawa kinaelea huku na huku, kinasema kwamba kilicholetwa kimepita kipimo. Basi. Hakuna hema, hakuna watu. Sauti tu za wimbo zinatoka kwenye laptopu.

"Sajini," Baba akasema. "Kumezimika?"

"Ngoja, Mzee."

"Kimetokea nini?"

"Sijui."

"Usisimame kama mti! Fanya kitu!"

Huo ndio wimbo wa nyumba yetu. Maji yakimwagika, fanya kitu. Mtoto akilia, fanya kitu. Ukisimama tu, umeshakosa, utaulizwa likizo. Mimi sikulelewa kungoja. Vidole vyangu vikashuka kwenye kibodi. Nikabonyeza Enter, ile ya kuingiza, nikabonyeza mishale, nikabonyeza Escape, ile ya kutorokea, nikarudi kwenye ya kuingiza, nikaipiga kama mtu anayegonga mlango wa mhalifu. Fungua! Fungua wewe! Kile kisanduku kikaendelea kuelea, hakina haraka.

Nikaizima laptopu kwa nguvu. Wimbo wa kijijini ukakatika katikati ya neno. Nikaiwasha. Na hapo, nawaapia, alama ya kampuni ikatokea kwenye monita, safi, nyeupe. "Naona kitu!" Baba akapaza sauti, akainuka kidogo kitini. Nikashukuru kwa dini zote mbili, ya upande wa Mama na ya upande wa Baba. Alama ikakaa, ikazunguka, ikapotea. Nyeusi. Kisanduku.

Nikazima, nikawasha. Alama. Nyeusi. Kisanduku.

Hippolyte aliingia anahema, mkoba begani, mikono ina vumbi la mashine ya watu. Hakunisalimia. Alitazama skrini, akanitazama mimi.

"Ulifinya wapi, Maman?"

"Ya juu kabisa."

"Na kisha?"

"Kisha ikawa nyeusi, nikabonyeza."

"Nini?"

"Vyote!" nikafoka. "Nilibonyeza vyote, Hippolyte! Usiniulize, itengeneze!"

Akakaa chini, akajaribu hiki na kile bila kuona kitu, akaizima, akaiwasha, akachungulia skrini iliyopasuka kama kuna hata kona moja inayosomeka. Madoa na mistari. Akachomoa adapta, akaigeuza mkononi.

"Hii ndiyo mubaya. Haiambii kompyuta kioo ni cha ukubwa gani, basi kompyuta inakupa hata namba kioo hakiwezi." Akasita, na nadhani hakutaka kusema yaliyofuata, lakini ni mtu mkweli. "Lakini kompyuta inajuaga watu wanakosea. Ukibadilisha, inakuuliza: nibakize hivi? Ukikosa kujibu, inangoja kidogo tu, inarudi yenyewe kama zamani."

"Iliniuliza wapi? Palikuwa peusi!"

"Iliuliza ndani ya giza, Maman. Na wewe mahali fulani katika kufinya ukaijibu ndiyo."

"Kwa hiyo ningefanya nini?"

"Hakuna. Ungekaa tu."

Nikamtazama Baba. Alikuwa amesikia. Mkono wake ukapanda kwenye nishani, ukashuka. Mimi nilijichukia mpaka nikasikia ladha yake mdomoni.

"Dukani niko na monita moja ya kisasa," Hippolyte akasema, ameshasimama. "Ile itakubali hiyo namba. Nitoke mbio." Akatoka mbio kweli, viatu vikipiga chini.

Simu yangu ikalia. Komakech, kwa video. Nyuma yake hema linapigwa na upepo, wanaume wameshikilia nguzo.

"Dada, sala imekwisha. Baba mkubwa anaona?"

"Haoni. Komakech, wangojeshe. Fundi anakuja."

"Mvua hiyo hapo, dada."

"Sijakuuliza habari za mvua! Hilo jeneza lisifungwe! Nasema mimi!"

Nikasikia mwenyewe ninavyopiga amri, kutoka Kyebando, kwa watu wanaoshikilia hema kule kaskazini. Komakech alikwenda kuongea nao. Wakaimba wimbo mmoja wa kungojea. Wakaimba wa pili. Mlangoni hakuna dalili ya Hippolyte. Nikasikia mzee mmoja akisema kwa Kiacholi kwamba kaburi linaanza kuingia maji, na marehemu halazwi kwenye maji kama chura. Alikuwa anasema haki.

"Dada," Komakech akasema chini chini, "wanafunua. Mpe simu Baba mkubwa. Mpe tu, hata kama ni ndogo."

Nikampa. Baba akaishika kwa mikono miwili, akaileta usoni. Akaibandua, akaileta tena. Kisha akakivuta kile kikinga cha plastiki, akakitupa chini, nami sikuthubutu kumshika mkono. Akaibana simu kwenye jicho lililopasuliwa, kope zikigusa kioo, machozi ya dawa yanamtiririka shavuni.

"Unaona, Baba?"

"Mwanga," akasema. "Naona mwanga."

"Sogeza kidogo."

"Mwanga tu, Lakica."

Aliniita jina langu. Hakuwa ameniita jina langu tangu nivae sare. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikaweka shavu langu karibu na lake, nikatazama. Ojera alikuwa pale. Uso wake mwembamba, pamba puani, kovu lake la utotoni kwenye kidevu. Simu ndogo namna ile, na picha imetulia, safi, kila mtu ndani yake ana sura yake.

"Ni yeye, Baba," nikasema. "Nakuapia. Namwona kwa macho yangu. Kovu lile la kidevu nalo naliona. Amelala vizuri."

Baba akanirudishia simu polepole.

"Wewe umeona," akasema. "Hata yule kijana wa Kidega alisema ameona."

Nilitoa ushahidi mahakamani mara ngapi, mahakimu wakaniamini, watu wakafungwa kwa neno langu. Kwa baba yangu halikufaa kitu. Kwenye simu nyundo ikaanza. Nilimtazama, nikangoja asimame mguu sawa, apige saluti, kama kwa Mama. Alikaa. Mikono juu ya magoti, macho kwenye kile kisanduku kinachoelea. Misumari ikaisha, udongo ukaanza kuanguka juu ya mbao, tukausikia wote wawili, na yeye hakusimama. Simu ikakatika yenyewe.

Hippolyte alirudi amekumbatia monita, ameifunika kwa koti lake, maana mvua ilikuwa imefika na kwetu. Mlango wa duka ulikuwa umemkatalia, kufuli limekwama, akalivunja kwa jiwe. Hakuniangalia usoni, nadhani alishajua kutokana na ukimya. Lakini fundi ni fundi: akaichomoa ile yangu, akaunganisha yake bila ile adapta, akawasha. Alama ya kampuni ikaja, ikapotea, na kisha ikaja picha nzima. Nyembamba kwa unyembamba, pana kwa upana, kila herufi imekaa mahali pake.

"Sasa iko sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. "Piga tena, Maman."

Sikutaka kupiga. Baba akasema, "Piga." Nikapiga.

Komakech akatokea. Amelowa, ndevu zinadondosha maji, uso wake ni uso wake. Akaelewa bila kuambiwa, akaigeuza simu taratibu. Kaburi lilikuwa limeshajazwa. Tuta jekundu la udongo mbichi, mvua inalichimba vijitundu, msalaba wa mbao umeinama kidogo upande mmoja, jembe limesimikwa pembeni. Ungeweza kuhesabu majani ya nyasi. Sijawahi kuona picha safi vile kwenye mashine yangu.

Baba akasogeza pua. Jicho lilikuwa jekundu, lakini likafuata kila kitu, huku na huku.

"Naona vizuri," akasema. "Naona jembe. Naona msalaba, umepinda, mwambie aunyooshe. Naona viatu vya Komakech." Akatafuta tena kutoka kona mpaka kona ya kioo. "Ojera yuko wapi?"

Mvua ikaendelea kugonga simu ya Komakech. Hippolyte, ambaye ana watu wake upande wa Kivu asiojua walipo, akainama akawa anakunja waya ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

"Mzee," nikasema, "amelala hapo chini. Hapo hapo unapopaona."

"Hapo naona udongo," Baba akasema. Si kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa. "Asante, fundi. Picha yako nzuri sana."

Jioni nilipika mboga ya malakwang na viazi vitamu, chakula alichokipenda Ojera akija mjini, na nilikipika bila kufikiri, nilikuta tu nimekipika. Jicho nilishalifunika upya kama nilivyoelekezwa kwenye simu na yule daktari, akasema nimlete kesho mapema, na sauti yake haikunipendeza. Baba akakaa mezani bado amevaa suti na nishani zake. Nikampakulia. Nikapakua ya Kidega kwenye ile sahani ya ukingo wa bluu, nikaifunika, nikainua mikono kuiweka juu ya kabati.

"Sajini."

"Afande."

"Ojera naye atafika na njaa. Njia ni ndefu ile." Akashika kijiko chake. "Mtengee."

Nilisimama pale, sahani mkononi. Ningeweza kubisha. Ningeweza kupiga kelele, na mnajua naweza.

"Ndiyo, Afande," nikasema, nikafungua kabati kutafuta sahani nyingine.